Miti Ilikuwa na Majani

Februari, Kutaisi. Mvua siku ya nne,
mto Rioni umevimba, rangi ya chai ya maziwa.
Saa mbili usiku simu ikatetemeka mezani
kando ya sahani ya mkate na jibini:
daraja linakatika, magari yanaelea kama viatu,
mwanamke anapiga mayowe, haonekani.
Chini, maneno matano: Daraja letu. Sasa hivi. Sambaza.

Nikasambaza.
Mimi, mwalimu wa jiografia miaka kumi na tisa,
nijuaye kina cha mto huu kwa mita,
sikuuliza hata swali moja.
Kidole kilitangulia,
akili ikafuata nyuma, ikichechemea.

Dada yangu Tsiala akaipata, akampigia mumewe
aliyekuwa njiani na lori la machenza.
Shemeji akageuza, akashika barabara ya milimani,
theluji ikamfungia huko siku mbili.
Alirudi mzima. Machenza hayakurudi mazima.
Mpaka leo akinitembelea huniletea chenza,
moja tu. Huliweka mezani, hasemi kitu.

Asubuhi yake niliingia darasani na msiba kifuani.
"Mmeliona daraja?"
Wote walikuwa wameliona, wengine macho yamewaiva.
Isipokuwa Nutsa wa dawati la nyuma,
atafunaye penseli mpaka rangi inamganda mdomoni:
aliona, akaona zaidi.
"Mwalimu, mbona miti ina majani?"

Tukatazama dirishani.
Miti ya uani mitupu, kama mifagio iliyosimamishwa.
Tukairudia video, mara ya pili, ya tatu, bila sauti,
maana yale mayowe ndiyo yaliyotuziba macho.
Kweli: majani mabichi, ya kiangazi.
Nguzo nne; daraja letu lina mbili.
Na kibao cha duka, kwa herufi
ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuzisoma.

Siku ile sikufundisha mabonde.
Tulivaa makoti, watoto ishirini na sita, tukaenda.
Daraja lilikuwa pale, limesimama, limelowa,
na muuza mbegu za alizeti juu yake
akashangaa kuona darasa zima
likipapasa chuma kwa viganja, kama mtu apapasavyo farasi.
Katikati ya daraja nikawaambia: hata mimi niliituma.
Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tangu hapo, kila Alhamisi naleta picha moja.
Nani kaipiga? Alisimama wapi? Pembeni kimekatwa nini?
Nikikasirika mimi, anafaidi nani?
Wakawa wakali kama makarani wa forodha.

Lakini Zviadi alipitiliza.
Machi, mto ulipoingia kweli mtaa wa chini
na king'ora kikalia, yeye akabaki kitandani:
"Uongo huo."
Mama yake alimburuta kwa ukosi wa shati
maji yakiwa yamefika ngazi ya pili.
Ndipo nilipojua nimefundisha nusu ya somo,
nimewapa kufuli, ufunguo nimebaki nao.
Asiyeamini chochote naye haoni,
ila kitambaa amejifunga mwenyewe.

Sasa swali la mwisho ubaoni ni hili:
ungekwenda wapi kujua?
Kwa miguu? Kwa simu? Kwa nani aliye karibu na jambo?
Na Zviadi, bila kutumwa, kila asubuhi
huchora mstari wa chaki kwenye nguzo ya daraja
pale maji yalipofika, na tarehe yake.

Jana Nutsa alinyoosha mkono.
"Ile habari ya shemeji yako na lori,
sisi tutajuaje kwamba ni kweli?"
Nikafungua mkoba, nikamwekea chenza la Jumapili.
Akalinusa, akaligeuza, akalirudisha mezani.
"Hili ni chenza tu, Mwalimu," akasema.
"Tumpigie."

Nikampa namba.